Anga la Masisi Lina Wenyewe



Mada ya leo wengine mtaiona ya kitoto. Nataka tuzungumze juu ya ndege isiyo na injini, isiyo na mkia wala rubani ndani yake. Mwenye nayo husimama mgongoni mwa mlima, anairusha kwa mkono, halafu anaiongoza kwa kisanduku cha redio alichokishika kifuani. Ndege yenyewe ni bawa tupu. Haina tumbo la kubebea kitu. Ukiiona juu unaona mkunjo mmoja tu, mabawa mawili yaliyorudishwa nyuma. Wenye mchezo huu huko Ulaya na Marekani huupeleka kwenye vilima vyenye upepo siku za mapumziko. Mimi nauleta hapa kwa sababu ya Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, Kongo.

Najua yupo atakayesema: bwana we, watu wamekimbia mashamba yao, mwaka 2025 peke yake umewahamisha mara ngapi, nawe unatuletea habari za michezo? Haki yake kusema. Lakini asikilize kwanza, maana habari ya ndege hii ni habari ya nani anaruhusiwa kutazama juu.

Tuanze na upepo. Mtu wa Goma au wa Sake anaujua bila kuambiwa na mtaalamu wa hewa: anatazama moshi wa volkano ya Nyiragongo. Siku nyingi moshi ule hulalia magharibi, upande wa Masisi. Wakulima wa huko wanaujua kwa ubaya wake, kwa kuwa mvua ikiupitia hushuka na tindikali, majani ya maharage yanaungua, na maji yaliyokingwa kwenye mabati hayafai tena kunywa. Basi moshi huohuo unatwambia kwamba hewa ya huku ina mazoea yake: mara nyingi inatoka mashariki na kwenda kukutana na vilima vya Masisi. Na vilima vyenyewe viko wazi. Sehemu kubwa ya msitu ilikatwa tangu enzi za Wabelgiji, pakawa malisho ya ng'ombe, ndiyo maana jibini ya Masisi inaliwa mpaka Kinshasa. Nyasi fupi, mgongo wa mlima usio na miti, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na upepo usio na kizuizi. Mwonyeshe picha hiyo mtu wa mchezo huu aliyeko Wales au California, ataanza kuuliza nauli.

Upepo ukigonga mteremko hauna pa kwenda ila juu. Tuseme unavuma mita 6 kwa sekunde, na mlima unapanda mita 1 kwa kila mita 4 za kwenda mbele. Hewa iliyo karibu na mteremko huo itakuwa inapanda kama mita 1 na nusu kila sekunde. Ndege nzuri isiyo na injini, ikiwa katika hewa iliyotulia, hushuka nusu mita kwa sekunde, au zaidi kidogo. Toa hiyo kwenye ile, utaona kwamba ndege inapanda. Itapanda na kwenda huku na huku mbele ya mlima mpaka upepo ulale au betri ya redio iishe. Mwewe wanaosimama hewani juu ya malisho bila kupiga bawa wanaishi kwa hesabu hiyo.

Tena kuna yule tai anayeitwa pungu, ambaye mkia wake ni mfupi mpaka miguu inachungulia nyuma yake. Aliyewahi kupita mbuga za Rwindi amemwona. Anaporuka huyumba, bawa hili linainuka, lile linashuka, kwa namna ya mtu anayejiweka sawa asianguke. Kazi ya mkia ameihamishia mabawani. Waliobuni ndege zisizo na mkia walifika hapohapo kwa njia ndefu zaidi, na kwa kuvunja mbao nyingi.

Lakini kabla ya kuingia kwenye ufundi wa ndege, nizungumze kwanza na kaka zangu wa chukudu. Wasikilizaji wa pwani huenda hamjaiona. Ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo: ubao mrefu, usukani wa mti, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Pale mwendeshaji anapoweka goti pamepigiliwa kipande cha ndala au mpira ili goti lisichubuke. Breki ni kipande cha tairi kinachoning'inia juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga, kinasuguana na gurudumu, mara nyingine kinatoa moshi. Chombo hicho hubeba kilo mia kadhaa za makala, yaani mkaa, na viazi, na kabichi, na mbao, kutoka juu mpaka mjini. Goma wameijengea sanamu katikati ya mzunguko wa barabara, na imestahili. Mafuta ya chukudu ni mlima. Unapoisukuma kupanda unalipa kwa jasho; inaposhuka unalipwa mwendo. Mwenye chukudu anajua mzigo ukikaa nyuma sana usukani unaelea na ukikaa mbele sana pua inazama kwenye shimo la kwanza. Anajua pia kwamba mzigo mzito unashuka kwa kasi kuliko mwepesi, na kwamba kasi ni kitu cha kutunza, usiimalize yote kwenye kona moja.

Basi ndugu yangu, umeshasoma nusu ya elimu ya ndege isiyo na injini. Nayo hubadilisha kimo kuwa mwendo. Bawa zuri, likishuka mita 1, huwa limekwenda mbele mita 20. Lirushe kutoka kilima kilichosimama mita 400 juu ya bonde, na hata upepo usipolisaidia litafika kilomita 8. Wachezaji nao huongeza uzito upepo ukiwa mkali: wanaweka madini ya risasi ndani ya bawa, kwenye nafasi iliyochongwa makusudi, ili lipasue hewa badala ya kupeperushwa nayo.

Sasa hilo suala la mkia. Ndege ya kawaida ina mkia kwa sababu bawa likiachwa peke yake hupinduka. Pua inazama, bawa linabiringika, kazi imekwisha. Mkia hukaa nyuma kabisa na kukandamiza kidogo ili pua isizame. Ukiuondoa, bawa lenyewe lifanye kazi hiyo, na mafundi wana mbinu ambazo huzichanganya. Ukingo wa nyuma unakunjwa juu kidogo tu, kiasi ambacho jicho lisilozoea halitambui. Mabawa yanarudishwa nyuma, na ncha zake zinasokotwa ziangalie chini kidogo kuliko sehemu ya katikati, kwa hiyo ncha ndizo zinazokuwa mkia. Uzito nao unasogezwa mbele.

Hapo kwenye uzito ndipo wanaoanza huvunjia ndege zao. Ndege yenye mkia ina huruma, ukikosea sentimita moja itakuvumilia. Bawa tupu lenye upana wa mita 1 na nusu halina huruma hiyo: kitovu cha uzito kikirudi nyuma milimita chache, ndege haitawaliki, inaruka kama ilivyotaka yenyewe mpaka ikutane na ardhi. Ndiyo maana utamwona fundi amelibeba bawa kwa ncha za vidole viwili, kidole kimoja chini ya kila upande, pale alipochora mstari wa kalamu. Anatulia. Bawa likiinama nyuma, anabandika kipande cha risasi puani, anapima tena. Kabla ya kupima hathubutu kuwasha redio.

Mashine zenyewe ni chache. Nyuma ya mabawa kuna vibao viwili vinavyochezacheza. Vikiinuka vyote pamoja, pua hupanda. Kimoja kikiinuka na mwenzake akishuka, ndege hulala upande na kukata kona. Vimota viwili vya kuvuta vibao hivyo, kipokezi cha redio, betri, basi. Mawimbi yake ni ndugu wa haya yanayowafikishia sauti yangu, yenye urefu mdogo zaidi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani ilitoka ndege ya namna hii iitwayo Zagi, ya povu gumu linalorudi umbo lake ukilibonyeza, na watu wengi walijifunza kwayo kwa sababu ikigonga mwamba ilidunda, nawe ukaiokota ukairusha tena. Zile za mashindano ni kitu kingine. Zinamiminwa kwenye kalibu kwa nyuzi za kaboni na gundi, uso wake ni laini kuliko kioo, bei yake ni mshahara wa mwalimu wa miezi mingi. Binafsi ya povu ndiyo inanivutia zaidi.

Kwa wanaopenda kasi, niwape moja. Januari 2021, katika mlima wa Parker huko California, Spencer Lisenby aliendesha ndege isiyo na injini ikapimwa kilomita 882 kwa saa. Hiyo ni kasi ya ndege kubwa ya abiria, bila tone la mafuta. Ndege hiyo ilikuwa na mkia, nisidanganye. Siri yake ni kuzungushwa nyuma ya mgongo wa mlima, inatoka kwenye hewa iliyotulia iliyokingwa na mlima, inaingia kwenye upepo mkali unaopita juu, inarudi tena, na kila mzunguko unaiongezea mwendo. Masisi ina migongo ya namna hiyo mpaka jicho linachoka.

Hata hivyo mlima wa kwetu una masharti yake. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi, uzito wake ni kama asilimia 82 ya hewa ya Mombasa. Bawa lilelile lazima liende kwa kasi zaidi ya karibu asilimia 10 ili libebwe, na litatua kwa kasi hiyo hiyo. Tena kuna radi. Mwaka 2016 watafiti waliochambua picha za setilaiti za miaka 16 walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza, Kabare ya Kivu Kusini ya pili, na Sake, mlango wa kuingilia Masisi, ya tano. Kusimama mgongoni mwa mlima saa tisa alasiri, mawingu yameshajaa, umeshika mtambo wenye antena, na juu yako kuna bawa la kaboni linalopitisha umeme, ni kutafuta msiba. Mchezo wa huku ungekuwa wa asubuhi.

Nataka mnisikilize vizuri kwenye hili linalofuata. Baada ya vita vikuu vya kwanza, mkataba wa Versailles wa 1919 uliwanyima Wajerumani ndege za kijeshi, na kwa muda hata kuunda ndege za injini kulizuiwa. Vijana wao walifanya nini? Walipanda mlima uitwao Wasserkuppe, wakaanza kuruka na vitu visivyo na injini. Mashindano ya kwanza yalifanyika hapo 1920. Katika mazingira hayo walikulia ndugu wawili wa Bonn, Walter na Reimar Horten, ambao ndege yao ya kwanza isiyo na mkia iliruka 1933. Miaka kumi na kidogo baadaye mchezo huo wa vijana ulikuwa umezaa ndege ya kivita ya jeti, bawa tupu. Vita vilipokwisha Reimar alihamia Argentina akaendelea kuunda mabawa. Na leo ndege ya kivita ya Marekani iitwayo B-2, mojawapo ya ghali kuliko zote zilizowahi kuundwa, ina umbo hilo hilo la ile ya povu inayodunda kwenye miamba.

Naitaja historia hiyo kwa sababu mbili zinazovutana. Ya kwanza inatia moyo: watu walionyimwa injini walijifunza upepo, wakaujua kuliko walioachiwa injini. Ya pili haitii moyo. Elimu ya upepo haikubaki kwenye upepo, na aliyekuwa na hofu alipomwona kijana na bawa lake la mbao mlimani, hofu yake ilikuwa na msingi.

Tushuke sasa Walikale. Ukiiacha Masisi ukaelekea magharibi, malisho yanaisha, msitu unaanza. Wilaya ya Masisi ina kilomita za mraba 4,734; Walikale ina 23,475, karibu mara tano, na sehemu kubwa ni miti iliyoshikana. Hapo bawa letu halina kazi. Hakuna mgongo wa mlima ulio wazi, na likishuka limepotea juu ya matawi mita 30 kutoka chini, labda kwa faida ya wale wanyama wadogo wa msituni wanaofanana na kindi, wenye ngozi iliyotandwa kati ya miguu, ambao usiku huelea kutoka mti hadi mti bila kumwomba mtu ruhusa.

Anga la Walikale, hata hivyo, limefanyiwa biashara kuliko la Masisi. Madini ya bati yalipogunduliwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walibeba magunia ya kilo 50 vichwani na migongoni, siku mbili msituni, kilomita zaidi ya 40 mpaka Njingala. Kutoka huko mzigo ulipelekwa Kilambo, na Kilambo uwanja wa ndege ulikuwa barabara. Barabara ya lami, ile ya kwenda Kisangani. Magari na watu walisimamishwa, ndege ndogo ya mizigo ikatua juu ya lami, ikapakiwa, ikageuzwa, ikaondoka kwenda Goma, na nyingine ikaja. Miaka mingi ilikwenda hivyo. Mbeba gunia alitembea siku mbili, mzigo wake ukaruka chini ya saa moja. Siku hizi Bisie ina mgodi mkubwa wa kampuni ya Alphamin, ulioanza uzalishaji 2019, ukasimama Machi 2025 wakati waasi wa M23 walipokuwa wanaikaribia Walikale mjini, ukarudi kazini Aprili baada ya wapiganaji hao kuondoka.

Bati kazi yake kubwa duniani ni kuunganisha vipande vya umeme. Koltani ya Rubaya, huko Masisi, inatoa tantalamu ya kutengenezea vidude vinavyotunza chaji kwenye mitambo midogo. Fungua kipokezi cha ndege yoyote ya redio, cha mchezo au cha vita, utakuta bati kwenye kila kiungo. Kwa hiyo sitakubali mtu aniambie kwamba teknolojia hii ni ya kigeni kwa Walikale. Walikale imo ndani yake, imekosa usukani tu.

Wenye usukani ni akina nani? Tarehe 3 Desemba 2013, pale uwanja wa ndege wa Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha rasmi droni yake ya kwanza katika kazi ya kulinda amani. Ilikuwa aina ya Falco, iliyoundwa Italia, isiyo na silaha, kazi yake kutazama. Mei 2014 mojawapo iliona mashua imepinduka katika ziwa Kivu, boti zikatumwa, zaidi ya watu 10 wakaokolewa. Hilo nalikumbuka kwa wema. Lakini picha za vilima vya Masisi zilizopigwa miaka ile zilikwenda ofisini. Mkulima ambaye shamba lake lilipigwa picha hakuwahi kuulizwa wala kuonyeshwa.

Kuanzia 2023 jeshi la Kongo limekuwa na droni za Kichina aina ya CH-4, hizo zina makombora. Februari 2024 uwanja wa Goma wenyewe ulishambuliwa kwa droni, ndege za kiraia zikaharibika, na serikali ya Kongo ikainyooshea Rwanda kidole. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza kwamba ishara za setilaiti za kuongozea ndege zilikuwa zinavurugwa katika Kivu Kaskazini, mpaka ndege za misaada zikapata shida. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na uwanja wake ukafungwa. Masisi ilikuwa imechukuliwa mwanzoni mwa mwezi huohuo. Mtoto wa Masisi wa leo anatambua droni kwa sauti kabla hajaiona, na anajua kukimbilia wapi.

Sasa mpe mtoto huyo bawa jeupe la povu, lisilo na sauti kabisa, apande nalo kilimani. Wa kwanza kumwona ni mwenye bunduki. Hatauliza kama lina injini. Na kwa haki nitasema, hata angeuliza, jibu lisingemtuliza: bawa lisilo na sauti lenye kamera ya gramu 30 ni jicho, na katika vita jicho linauawa. Hapo ndipo mchezo wetu unapokufa, wasikilizaji. Povu lipo, tunalitupa kila televisheni mpya inapofunguliwa. Upepo upo. Vijana wenye mikono ya ufundi wapo, walioiunda chukudu kwa panga na patasi. Kilichochukuliwa ni anga, na mchezo wowote unaotaka anga umechukuliwa nalo.

Anayedhani kwamba hilo ni jambo dogo akaitazame Zanzibar. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, walianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka hewani, zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Chombo walichotumia kinaitwa eBee, kimeundwa Uswisi. Nacho, msishangae, ni bawa tupu la povu: upana sentimita 96, uzito chini ya kilo moja, rafadha ndogo nyuma, kamera tumboni. Kijana anakishika mkononi, anakitikisa mara chache rafadha ianze kuzunguka, anakiachia. Kinapita shamba juu ya shamba kikipiga picha zinazopandana, kisha kinarudi na kulala kwa tumbo majanini. Waliokirusha walikuwa vijana wa chuo cha palepale. Ramani iliyotoka inaonyesha nyumba, njia, mikarafuu na mikoko, na picha ziliwekwa wazi ili watu wazitumie.

Fikirini kitu hicho Masisi, ambako ugomvi wa mpaka wa malisho na shamba umemwaga damu tangu 1993 na kabla yake. Sisemi ramani ingemaliza ugomvi. Ramani mikononi mwa mmoja tu huuongeza, nimeshaona hivyo kwenye mashauri ya ardhi. Nasema mwanakijiji angekuwa na picha ya mlima wake, mwaka wake, na ufa unaoanza juu ya machimbo angeuona kabla haujawafukia wachimbaji. Zanzibar waliweza kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiilenga eBee. Hata ufundi wake usingekubali hali ya huku: eBee inajiongoza kwa setilaiti, ishara ikivurugwa inapotea. Bawa letu la mchezo, linaloongozwa kwa macho ya aliyelirusha, lisingejali.

Ng'ambo ya ziwa Kivu, Rwanda, tangu Oktoba 2016 droni za kampuni ya Zipline zinapeleka damu hospitalini. Kutoka mlima wa Masisi ukiwa na macho mazuri asubuhi ya baada ya mvua unaiona Rwanda. Sizidishi neno hapo.

Tufanyeje, basi? Sitashauri kijana yeyote wa Masisi apande kilimani na bawa leo. Nitakuwa muuaji. Lakini hewa ya darasani haina mwenye bunduki, na mwalimu wa fizikia hahitaji redio wala povu la kuagiza. Achukue karatasi nyepesi kabisa, ile ya daftari ni nzito mno, atafute ya kufungia viatu vipya. Akate kipande chembamba kirefu kiasi cha kiganja na vidole vyake. Ukingo mmoja mrefu akunje juu kidogo, wa pili akunje chini, na ncha mbili azisimamishe. Akikiachia kutoka juu kitashuka polepole kikijizungusha, huku kikienda mbele. Kisha achukue kipande kikubwa cha boksi, akishike kwa mikono miwili nyuma ya karatasi hiyo, akiwa amekiinamisha kidogo kuelekea kwake, atembee. Hewa inayogonga boksi inapanda, kama inavyopanda mbele ya mlima, na karatasi itabaki hewani muda wote anapotembea. Bawa lisilo na mkia, na mlima wa kubeba mkononi.

Madirisha yafungwe, maana upepo kidogo wa nje huharibu kila kitu. Ukienda haraka mno karatasi inapanda na kukupita kichwani. Ukizubaa inaanguka miguuni. Mtoto wa miaka 10 hulipata hilo kabla ya kengele, halafu anaanza kuuliza kona inakatwaje, na kwa nini ya mwenzake inakwenda kombo, na je, karatasi nzito ingehitaji kutembea haraka kiasi gani. Kwa swali la mwisho mwalimu ataihitaji chaki na ubao mzima, na ajiandae kabla ya kuingia.